Nyayo za Sinyora Vichwani mwa Wazee

Jumamosi, Palma, kaskazini mwa Msumbiji. Joto tangu alfajiri. Mawingu yamekaa juu ya ghuba ya Tungue na hayanyeshi, na mimi leo nawadharau karibu watu wote ninaowajua. Namwondoa mmoja tu, naye ana miguu minne, amelala kwenye mkeka wangu na mgongo amenigeuzia.

Tangu juzi Alhamisi sijashika sindano.

Nianze na huyo paka, maana yote yametokana naye. Tena kuna msomaji mmoja aliyeniuliza, chini ya andiko langu la mwezi uliopita, mawazo ya nakshi zangu nayapata wapi. Akaongeza kwamba yeye naye ni mtu wa sanaa, na kwamba huwa anakaa akingoja msukumo. Nilisoma swali lile mdomo umejaa muhogo, nikacheka peke yangu. Wanaongoja msukumo nawafahamu. Wana daftari zuri, wana kalamu nzuri, na hawana kazi hata moja waliyoimaliza.

Mimi nashona kofia. Kofia nyeupe za wanaume, zile za kutoboa kwa mkono, tundu baada ya tundu, kila tundu likizungushiwa uzi. Kofia moja inanila wiki nyingi. Mama ndiye aliyenifundisha, tulipokuwa bado tunaishi kijijini kwetu ng'ambo ya ghuba, kabla sijaolewa huku Palma, na kabla sijaachika hukuhuku. Alipofariki aliniachia karatasi zake za nakshi ndani ya kopo la biskuti. Miaka minne nikashona nakshi za Mama tu. Jani la Mama, mkufu wa Mama, nyota ya Mama. Watu wakanisifu. Walikuwa wanamsifu marehemu, na mimi nikipokea sifa kama zangu.

Nilikuwa kasuku mwenye sindano.

Halafu akaja Sinyora. Wa kijivu, mistari myeusi, sikio moja limekatika. Aliingia siku ya mvua bila kukaribishwa, akasimama katikati ya chumba akaitazama nyumba yangu kama mke wa administrador, mkuu wa wilaya, anayeonyeshwa nyumba asiyoipenda. Ndiyo maana nikamwita hivyo, bibi mkubwa wa Kireno. Nilimpa kichwa cha samaki, akala nusu, nusu akaiacha, akaenda kulala juu ya nguo nilizopiga pasi.

Sikumpenda. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu kuna watu wanaandika juu ya paka wao kama wanavyoandika juu ya wachumba. Mimi nilikuwa namvumilia, na yeye alikuwa ananivumilia.

Siku moja nilitandaza kitambaa nilichokitia wanga, bado kibichi. Sinyora akatoka uani, matope miguuni, akakivuka kitambaa chote kuanzia pembe hii hadi pembe ile. Hakukimbia. Nikavua kandambili nimrushie. Mkono uko juu, nikaona.

Paka akitembea, mguu wa nyuma unakanyaga palepale ulipotoka mguu wa mbele. Ana miguu minne lakini anaacha njia ya miguu miwili. Na kila unyayo ni tundu moja kubwa na manne madogo mbele yake. Mshonaji wa kofia akiona matundu matano yaliyopangwa vizuri namna ile, hawezi tena kurusha kandambili.

Nikachukua penseli.

Nakshi ile ilikuwa ya kwanza kuwa yangu. Baadaye zikafuata nyingine. Ya pili niliitoa kwenye masharubu yake, nilipomwona anapima nayo upenyo wa ukuta wa makuti kabla ya kupita. Ya tatu ni mistari ya ubavuni, inavyosogeleana anapojikunja kulala. Nikaacha kumtazama kama mgeni asiyelipa, nikaanza kumtazama kama kazi. Yeye hakubadilika. Hajui kama ananifaa kitu, na angejua asingejali. Katika nyumba hii ndiye pekee ambaye hajawahi kutaka nimsifu, na hajawahi kunisifu mimi, na nadhani hiyo ndiyo sababu nimeweza kufanya kazi mbele yake.

Huyo ndiye msukumo wangu, ndugu msomaji. Ana viroboto.

Sasa nifike kwenye kilichotokea.

Tangu waseme wamepata gesi chini ya bahari, huu mji umejaa watu wenye buti mpya. Nyumba zilizokuwa na popo zinapangishwa kwa wageni. Kila mtu aliyepiga pasi shati anaitwa Doutor, kama msomi mkubwa. Mmoja wao ni kijana wa Maputo anayeitwa Doutor Hélder. Kazi yake, alivyonieleza mwenyewe, ni kuongea na wananchi kwa niaba ya moja ya hizo kampuni. Wananchi wenyewe ni watu wa kijijini kwetu, ambao wanatakiwa wahame waende kuishi bara, ili pale walipozikwa babu zao kijengwe kiwanda cha gesi.

Alikuja kwangu na gari, akaliacha linanguruma nje. Alikuwa ameiona kofia yangu yenye nyayo katika duka la Mtanzania mmoja hapa sokoni. Akavua miwani, akaniita artista, yaani msanii.

Nilisoma hadi darasa la kumi kule Pemba, hii ya kwetu Msumbiji, Kireno nakisikia vizuri, na nikisema sikulisikia neno lile likishuka tumboni kama chai ya moto nitakuwa nimedanganya. Hakuna aliyewahi kuniita hivyo. Waliniita mshonaji, au yule mke aliyeachwa.

Akauliza ninapata wapi msukumo. Lilelile swali. Nikamjibu: "Kwa paka."

Akatabasamu, akangoja nimalize mzaha nitoe jibu. Nikamnyooshea kidole Sinyora. Sinyora alikuwa ameinua mguu mmoja juu anajilamba. Doutor Hélder akageuza uso haraka, akaandika maneno mengi kwenye kitabu chake, mengi kuliko niliyoyasema.

Alitaka kofia tisa, za wazee tisa wa kamati ya kijiji, wazivae siku ya kutia saini karatasi za kuhama. Nikamwambia kwa mkono wangu itachukua zaidi ya mwaka. Akasema nisijali, nimpe tu mchoro, kuna mashine.

Nilikuwa bado nasitasita alipokuja Mjomba Amade. Mjomba ni kaka wa marehemu mama yangu, ndiye mkubwa wetu, na ni mmoja wa wale tisa. Aliketi hapa hapa nilipoketi sasa.

"Mwanangu, mpe huyu mtu anachotaka," akasema. "Wageni wakifurahi na sisi tutasikilizwa."

Nikatoa mchoro. Nilijisemea nafanya kwa heshima ya Mjomba. Uongo. Nilitoa kwa sababu niliitwa artista, na nilitaka niitwe tena.

Wiki mbili baadaye wakagawa vijitabu vya karatasi ya kung'aa. Ukurasa wa nne kuna picha yangu, waliyonipiga siku niliyotoa mchoro, nimeinamia kazi, na chini yake pameandikwa kwamba mshonaji huyu hodari amechota nakshi zake kwenye mawimbi ya ghuba ya Tungue na kwenye roho za mababu. Nilisoma mara tatu. Sinyora hayupo hata kwa mkia. Mtu aliketi nyumbani kwangu, akaonyeshwa ukweli kwa kidole, akaona ukweli una miguu minne na unajilamba, akaona haufai karatasi ya kung'aa.

Ningeweza kwenda kumwambia arekebishe. Sikwenda. Kijitabu nikakiweka kabatini ili kisichafuke.

Juzi Alhamisi ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Walituma gari linichukue, nikafika kijijini kabla ya jua kuwa kali. Mbele kulikuwa na meza yenye kitambaa cha kijani, viti vya plastiki vya wageni, na benchi la wale wazee tisa. Wanawake tulitandikiwa mikeka nyuma kabisa, karibu na masufuria. Nikaketi na Bi Zainabo, mama mtu mzima ambaye amezalisha nusu ya kijiji, mimi nikiwemo. Miguu yake ilikuwa bado na mchanga wa pwani. Alikuwa ametoka kuokota kombe za kula maji yalipokupwa, kama alivyofanya maisha yake yote.

Kofia zilitolewa kwenye boksi, kila moja ndani ya mfuko wa nailoni. Wazee wakavaa. Zilikuwa kubwa. Ya Mjomba Amade ilimshuka mpaka masikioni, akawa anaisukuma juu kwa kidole kila mara kama mtoto wa madrasa.

Nikasogea kuzitazama. Hakukuwa na tundu hata moja. Uzi ulikuwa umerundikwa juu ya kitambaa, mabonge mabonge. Na mashine ilikuwa imegeuza mchoro. Vidole vilikuwa nyuma ya kisigino. Sinyora wangu alikuwa anazunguka vichwa vya wazee wote tisa akirudi kinyumenyume.

Doutor Hélder akasimama. Alisema kwa Kireno, na mwalimu wa shule akawa anageuza kwa Kiswahili. Akasema kampuni inaheshimu utamaduni. Akasema nakshi zile ni mawimbi ya ghuba yetu. Halafu akafikia jambo lake kubwa. Akasema kwamba hata wakihamia bara hawataiacha bahari, kwa maana wataondoka nayo kichwani.

Wageni wakapiga makofi. Wazee nao wakapiga makofi, maana wageni walipiga.

Sijawahi kudharau kitu kama nilivyodharau makofi yale.

Kisha akaniita. Artista wetu asimame, atuambie juu ya mawimbi. Nikasimama kule nyuma, kati ya masufuria. Watu wote wakageuka. Mjomba alikuwa ananitazama chini ya ile kofia, na niliyaona macho yake yananiomba niseme lile dogo, niketi, mambo yaende. Nami nilikuwa nimeliandaa. Nakiri. Njiani kwenye gari nilikuwa nimelitunga, kwa Kireno kizuri, mawimbi na yote.

Nikasema kwa Kiswahili: "Hayo si mawimbi. Ni nyayo za paka wangu. Na mashine imezigeuza, anatembea kinyumenyume."

Mwalimu hakuligeuza. Doutor Hélder akawa anamtazama mwalimu, mwalimu anatazama viatu vyake.

Bi Zainabo ndiye aliyeanza kucheka. Anacheka taratibu, bega linatikisika kwanza, sauti inafuata. "Kumbe wazee wetu wamekanyagwa na paka," akasema, na mikeka yote ikaangua kicheko. Wanawake walicheka mpaka wengine wakalala chali. Mwalimu wa madrasa, mtu mpole, akasimama kututuliza kwamba paka si najisi, kofia zinafaa hata kwa sala. Hapo ndipo tukacheka zaidi.

Halafu Bi Zainabo akaacha kucheka. Akainuka, jambo ambalo kwa magoti yake si dogo.

"Mwalimu, hili umgeuzie vizuri," akamwambia yule wa shule. "Mwambie mimi nakula kwa kuokota pwani. Hiyo bahari ya kichwani, nitaokota nini humo? Nitambinua mzee gani nitafute kombe?"

Hakuna aliyecheka. Mwalimu akaligeuza, neno kwa neno. Doutor Hélder akasema swali ni zuri na litajibiwa kwa maandishi. Mzee mmoja akavua kofia, akaiweka gotini. Wa pili akavua. Mwenye kalamu akawaita waje wasaini, na hakuna aliyeondoka kwenye benchi. Baada ya kunong'onezana sana wageni wakasema shughuli itaendelea Jumatatu. Wakapanda magari yao. Wali ukabaki, tukaula sisi.

Mjomba Amade hakula. Alinipitia pembeni, kichwa wazi, kofia ameibana mkononi.

"Umenivua nguo mbele ya watu," akasema. Akaenda zake.

Nilirudi Palma kwa miguu hadi barabarani, kisha kwa lori la mtu, maana gari la kampuni halikuniona. Njia nzima nilijiona mkubwa. Niliirudia ile sentensi yangu kichwani kama wimbo. Nilijiona mimi peke yangu ndiye mwenye macho katika pwani hii yote, kuanzia Quionga mpaka Mbau, na wengine ni mabenchi ya makofi.

Jana Ijumaa jirani akaniambia Mjomba amekuja kuswali huku Palma, msikiti wa Ijumaa, na kichwani hana kitu. Mzee yule hata kisimani haendi kichwa wazi. Kofia yake ya siku zote, kofia iliyoshonwa na Mama, alikuwa ameigawa kwa jamaa kwa kuwa alitarajia mpya. Nikajisemea, na avumilie, alijitakia mwenyewe. Nikanywa chai. Nusu nikaiacha ikapoa.

Leo asubuhi amekuja.

Sikumsikia akipiga hodi. Nilitoka na beseni nikamkuta ameketi barazani, amelegeza mabega. Nikamwamkia, akaitikia. Nikamletea maji. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, majibu yangu makali nimeyapanga, kila moja limenolewa.

Hakugomba. Alikunywa maji, halafu akasema, akitazama njiani: "Wale tisa, hakuna hata mmoja aliyekwenda kupaona tunapohamishiwa."

Nikadhani sikusikia vizuri. "Hata wewe, Mjomba?"

"Hata mimi. Tulionyeshwa picha ya nyumba. Nzuri, ina bati. Sikuuliza kisima kiko wapi. Miezi yote ile sikuuliza. Niliogopa wataniona mshamba."

Alilisema hilo bila kujitetea. Mtu wa miaka sabini, aliyenibeba mgongoni, aliyenioza na kunipokea nilipoachwa. Nilitafuta ile dharau yangu ya tangu juzi nimpige nayo, na kwa mara ya kwanza sikuipata mahali nilipoiweka.

Maana mimi niliogopa nini? Kijitabu bado kiko kabatini, hakijachafuka.

Nikamwambia. Nikamwambia yote, kwamba nilijua wiki mbili kabla kwamba wameandika uongo, na nilinyamaza kwa sababu picha yangu ilikuwa imetoka vizuri. Alinisikiliza. Hakunikemea wala hakunisamehe. Akasema tu kwamba picha kweli ilikuwa nzuri, nilifanana na mama yangu.

Kisha akaniomba nimshonee kofia. "Nyeupe tupu," akasema. "Usinitie nakshi yoyote. Si ya mama yako, si ya huyo mnyama."

Nikachukua uzi nikampima. Sikuwahi kukigusa kichwa cha Mjomba maishani mwangu. Ni kidogo kuliko nilivyodhani, na nyuma ya sikio kuna kovu ambalo sijui alilipata wapi. Kofia isiyo na nakshi sijawahi kushona, na nilivyomaliza kupima niligundua sijui pa kuanzia. Nakshi huficha mishono mibaya. Hii haitaficha kitu.

Alipoinuka kuondoka akasema: "Jumatatu uje. Usikae nyuma kwenye masufuria. Kaa na Bi Zainabo mbele, kamati imekubali."

"Nikaseme nini?"

"Huna mdomo? Uliza kisima kiko wapi."

Ameondoka saa nyingi. Mawingu bado yako palepale. Nimekuwa nikiandika kwenye blogu hii mwaka wa pili sasa, na nimesoma maandiko yangu ya nyuma mchana huu wote. Nimewadharau madalali, nimewadharau wenye buti, nimewadharau washairi wa kwenye simu, nimewadharau wazee wetu wanaopiga makofi. Nimeyasema vizuri pia, nina sentensi nzuri humo. Katika muda huo mikutano ya kijiji imefanyika sijui mara ngapi. Nilihudhuria mmoja, nao nilihudhuria kwa kuwa nilitumiwa gari.

Kudharau hakuhitaji uende popote. Unaweza kudharau ukiwa umelala.

Basi Jumatatu nitakwenda, na nauli nitajilipia. Kireno changu kizuri nitakiacha nyumbani. Nitakaa mbele ambapo kila mtu ananiona, nitauliza kisima kiko wapi na pwani ya kuokotea kombe iko umbali gani kwa mguu wa mtu wa umri wa Bi Zainabo, na wakiniambia nitajibiwa kwa maandishi nitauliza tena. Naogopa tangu sasa, na hata Jumapili haijafika.